Pambo letu, tope la wenzetu

Leo naomba tuzungumze jambo ambalo kwa haraka linaweza kuonekana dogo mno kupewa nafasi gazetini, nalo ni madigadi ya lori. Nakusudia zile raba zinazoning'inia nyuma ya matairi ili tope na mawe visiruke. Najua wapo watakaouliza, "Hivi umma una matatizo yote haya, huyu anatuletea habari za madigadi?" Nawaomba wavute subira. Mimi mwenyewe nilikuwa na fikra hiyo hiyo, mpaka siku nilipoulizwa swali na bibi mmoja kando ya barabara, nikakosa pa kuuweka uso wangu.

Naishi Bagamoyo. Si ile ya Mkoa wa Pwani yenye majumba ya kale na majahazi, bali kata ya Bagamoyo iliyomo mjini Tukuyu, wilayani Rungwe, mkoa wa Mbeya. Huku kwetu mvua haina masihara. Kwa mwaka hupita milimita 2,000, na udongo wetu wa volkano ukishalowa hunata kama uji. Barabara kubwa inayotoka Uyole hupita Kiwira na Tukuyu, ikateremka Kyela hadi mpakani Kasumulu, na usiku na mchana inapita malori: ya ndizi, ya viazi, ya chai, ya mbao, na yale ya masafa yaendayo Malawi. Kando yake akina mama wamepanga mikungu ya ndizi, watoto wanakwenda shule kwa miguu, na bodaboda zinapenya kila palipo na upenyo. Hiyo ndiyo barabara ninayoizungumzia.

Mimi na mdogo wangu tulikusanya akiba ya miaka tisa ya biashara ya ndizi na viazi, tukanunua Fuso iliyotumika. Tuliinunua ikiwa kebini na chesisi tu, tukaipeleka kwa mafundi ijengewe bodi. Aliyewahi kujenga bodi anaijua raha yake. Unachagua mwenyewe urefu, mbao au bati, idadi ya springi, ngao ya mbele, honi, taa za pembeni, hata rangi ya nyuzi zitakazoning'inia juu ya kioo. Gari la namna hiyo humtangaza mwenyewe kabla hajafungua mdomo.

Bodi ilipokwisha tulibakiwa na shilingi laki nane na nusu. Mdogo wangu, ambaye ndiye dereva, alikuwa na orodha yake: ngao ya kung'aa, honi ya upepo yenye milio mitatu, taa za rangi juu ya kebini, na vifuniko vya nati vinavyometameta. Mimi nilijiona mcha Mungu zaidi yake. Nilitaka kitu kimoja tu, madigadi yaliyoandikwa jina la Allah, ili kila atakayekuwa nyuma yetu ajue kuwa gari hili ni la Waislamu. Utingo wetu, kijana mpole asiye na maneno mengi, alisimama pembeni akasema, "Mzee, na turubai je? Lile mlilopewa limetoboka. Na vigingi vya kuzuia matairi mlimani hatuna." Tukamjibu, "Tutaona." Kila mwajiri anajua maana ya neno hilo.

Fundi naye alituuliza, "Mnataka madigadi ya kusoma au ya kuzuia tope?" Tukacheka. Akatueleza kuwa ya kusoma ni yale mepesi ya plastiki, mafupi, yanayouzwa yakiwa na maandishi na michoro. Yanapendeza, lakini gari likishika mwendo yanapepea kama bendera na tope linapita chini yake. Ya kuzuia tope hukatwa kwenye raba nene ya mikanda ya mashine, meusi tii, hayana uzuri wowote, na chini hufungwa pande la chuma ili yatulie. Tulichagua ya kusoma. Yaliandikwa kwa herufi za dhahabu: Yaa Latwiif.

Siku ya aibu

Ilikuwa mwezi wa Aprili. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na katika kipande kimoja kabla ya kufika Kiwira udongo ulikuwa umeporomoka ukafunika lami. Nilikaa kushoto kwa mdogo wangu, honi yetu ya milio mitatu ikifanya kazi yake. Ghafla tukasikia bodi ikigongwa mara tatu kwa nguvu. Alikuwa ni utingo, aliyekaa juu ya mzigo. Sisi tuliokuwa ndani ya kebini hatukuona chochote, maana hata vioo vya pembeni vilikuwa vimejaa tope.

Tuliposimama tukaona. Bodaboda iliyokuwa nyuma yetu ilikuwa imerushiwa tope, dereva wake likamwingia machoni, akaacha barabara na kuangukia kwenye mashamba ya chai. Alikuwa amempakia bibi mmoja na mjukuu wake, wakienda zahanati. Alhamdulillah hakuna aliyevunjika. Mtoto alikuwa amechubuka mkono, na macho yake yamejaa tope, analia.

Yule bibi hakututukana. Laiti angetukana, ningepumua. Alikaa chini akimpangusa mtoto kwa ncha ya kitenge, akainua macho kutazama nyuma ya gari letu, ambako nusu ya herufi zile za dhahabu ilikuwa imefunikwa na tope. Akaniuliza, "Mwanangu, hayo maandishi yanasemaje?"

Nikamjibu, "Ni jina la Mungu, bibi. Maana yake ni Mpole."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Ndaga, mwanangu. Sasa nisaidie maji, nimwoshe mtoto macho."

Wallahi, tangu nizaliwe sijawahi kupewa mawaidha mazito kama yale, na yalitoka kwa mtu asiye wa dini yangu, wala hakukusudia kunipa mawaidha. Aliuliza tu, akajibiwa, akashukuru. Tuliwachukua wote watatu kwenda kutibiwa, tukalipa gharama na matengenezo ya pikipiki. Lakini swali halikulipika.

Je, pambo ni haramu?

Ningeweza kuishia hapo na kusema: ndugu zangu, acheni mapambo, mapambo ni ya kidunia. Wapo ndugu zetu wanaosema hivyo, na nia yao ni njema. Mimi sikubaliani nao, na ushahidi wangu ni Qur'an yenyewe. Katika Surat Nahl, aya ya tano hadi ya nane, Allah (Subhanahu Wataala) anatukumbusha neema ya wanyama. Anataja joto na manufaa, kisha anataja uzuri wa kuwatazama wanaporudi jioni na wanapotoka asubuhi. Anaeleza kuwa wanatubebea mizigo yetu hadi miji ambayo tusingeifikia ila kwa taabu, kisha anataja farasi, nyumbu na punda, kuwa ni wa kupanda na pia ni pambo. Kwa hiyo pambo limo ndani ya neema. Mwenye Fuso leo ndiye mwenye ngamia wa jana, na akiipenda Fuso yake ipendeze hajakosa.

Na Mtume (s.a.w.) aliposema kuwa mwenye kiburi moyoni, hata cha uzito wa chembe, haingii Peponi, aliulizwa kuhusu mtu anayependa nguo yake na viatu vyake viwe vizuri. Jibu lake linajulikana: Allah ni Mzuri na anapenda uzuri, na kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu.

Na mdogo wangu naye alinipa hoja ambayo siwezi kuipuuza. Aliniambia, "Kaka, wewe unalala nyumbani kwako. Mimi nalala ndani ya kebini hii siku ishirini kwa mwezi. Napanda Kitonga usiku, navuka Mikumi alfajiri, nala kando ya barabara. Unanionea taa mbili za rangi?" Ni kweli. Kwa dereva, lori ndiyo nyumba. Kulipamba ni kujipa heshima katika kazi ambayo watu wengi huidharau, na tajiri anayemnyima dereva wake hata furaha hiyo ndogo asijidhanie kuwa ana zuhdi. Na si kwetu tu. Huko Pakistani malori huchorwa maua na ndege kuanzia bampa hadi juu ya kebini na kufungwa minyororo inayolia njia nzima. Japani nako kuna madereva wanaoyavika malori yao taa kama mji wa usiku. Binadamu popote alipo, akipewa chombo cha kazi hutaka kukitia alama yake.

Basi kosa letu sisi lilikuwa wapi?

Madigadi ni ya nani?

Nimelitafakari swali hilo kwa muda mrefu, na jibu nililofikia ni hili. Karibu kila kifaa cha gari kinamnufaisha mwenye gari. Injini inamvuta, breki zinamwokoa, kiti kinampumzisha, honi inampatia njia, turubai linalinda mzigo wake. Madigadi ya nyuma kabisa hayamfanyii jambo kubwa. Dereva akiwa barabarani hayaoni, na akiyakosa gari halipungui mwendo. Faida yake yote inakwenda kwa mtu aliye nyuma, mtu ambaye mwenye gari hamjui, hatamwona, na wala hatapata shukurani zake. Kwa lugha yetu ya dini, raba ile ni sadaka iliyofungwa kwa bolti. Ni haki ya mwingine ambayo sisi tumepewa kuibeba, yaani ni amana.

Sisi tuliichukua sehemu hiyo, ambayo ni ya mwenzetu, tukaifanya ubao wa kujitangaza. Hilo ndilo kosa. Tulichukua haki ya aliye nyuma tukaigeuza fahari ya walio mbele. Na kwa kuwa tangazo lenyewe lilikuwa jina la Allah, tukadhani tumefanya ibada.

Wakumbuke, ndugu msomaji, wale masahaba walioambiwa wasikae njiani, wakasema hawana budi kukaa. Mtume (s.a.w.) akawataka waipe njia haki yake, na katika haki hizo akataja kuzuia maudhi. Akatufundisha pia kuwa imani ina matawi mengi, na la chini kabisa ni kuondoa kinachoudhi njiani. Sasa tazama hali yetu. Anayeondoa jiwe barabarani ana tawi la imani. Je, yule anayeyarusha mawe barabarani kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, kwa sababu raba nzuri ingemharibia sura ya gari, ana nini?

Na katika Surat Nisaa, aya ya 36, miongoni mwa wanaostahili kutendewa wema, baada ya jirani wa karibu na jirani wa mbali, ametajwa mwenza wa ubavuni. Katika maana walizozitoa wafasiri imo ya mwenzi wa safari. Mimi naona mwenzi wa safari siku hizi si yule tu uliyekaa naye kiti kimoja. Bodaboda iliyo nyuma yako katika mvua ni jirani yako kwa hizo dakika kumi, na ujirani wake unapimwa kwa kile kinachotoka kwenye matairi yako.

Jina tukufu mahali pa tope

Upande wa pili ni wa jina lenyewe. Madereva wengi huandika majina ya Allah, Maashaallah au Bismillah kwenye magari kwa nia ya kujikinga na husuda na ajali. Nia hiyo siicheki. Lakini wanazuoni wamesisitiza siku zote kuwa jina la Allah lisiwekwe mahali linapoweza kufikwa na najisi au kukanyagwa, na kwenye lori hakuna mahali panapofikwa na uchafu wa barabara kama madigadi. Huko Marekani, tangu miaka ya 1970, madereva wa malori wamezoea kuweka kwenye madigadi umbo la mwanamke aliyeketi. Sisi tukiliona tunasema astaghfirullah. Lakini je, tulijiuliza kuwa mahali tunapopaona hapafai hata kwa heshima ya mwanamke, sisi tumepaweka jina la Muumba?

Yule mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake huru na kutawakali aliambiwa amfunge kwanza, kisha atawakali. Basi nasi tufunge raba nene kwanza. Na dua ya kupanda chombo ipo, tunaifundisha hata watoto wa madrasa. Ajabu ni kwamba dua hiyo imo katika Surat Zukhruf, sura ambayo jina lake lenyewe maana yake ni mapambo. Ndani ya sura ya mapambo tumefundishwa kuwa tukishatulia juu ya chombo tukumbuke neema ya Mola wetu, tukiri kwamba chombo hiki tumetiishiwa na sisi wenyewe tusingekiweza, na kwamba kwa Mola wetu tutarejea. Anayesema maneno hayo kwa moyo, akijua atarejea, hawezi kutojali anachokiacha nyuma yake.

Hoja ya mwisho ya mdogo wangu ilikuwa ya kisheria. Alisema, "Bodaboda ilitukaribia mno. Na trafiki wametukagua mara ngapi, nani alituambia madigadi hayafai?" Ni kweli bodaboda ilikaribia, na yule kijana naye ana lake la kujibu. Lakini kosa la mwenzako halifuti kosa lako, linakaa kando yake tu. Na kuhusu kutokamatwa, tuna kanuni ya fiqhi inayotokana na hadithi, kwamba hakuna kudhuru wala kulipizana madhara. Kanuni hiyo haisubiri trafiki asimamishe gari. Nchi za Ulaya mwaka 1991 zilitoa maelekezo ya pamoja kuhusu vifaa vya kuzuia maji yanayorushwa na magari makubwa, kwa sababu waliona kuwa ukungu wa maji unaotoka kwenye matairi humpofusha aliye nyuma. Wao wamelifikia hilo kwa njia ya sheria. Je, sisi tuliofundishwa haki ya njia karne kumi na nne zilizopita, tusubiri faini?

Tufanye nini?

Sisemi watu wang'oe taa na kupaka magari masizi. Nasema tupange mambo kwa utaratibu wake, kama aya zile za Surat Nahl zilivyotanguliza manufaa kabla ya uzuri, na kupanda kabla ya pambo. Anayejenga gari, fedha yake ya kwanza baada ya bodi iende kwa kinachomlinda asiyekuwemo garini: breki, taa za nyuma, viakisi mwanga, pembetatu za tahadhari badala ya matawi ya miti tunayoyatupa barabarani na kuyasahau, na madigadi ya kweli. Ya pili iende kwa kinachomlinda mfanyakazi: vigingi vya utingo, turubai zima, mahali salama pa kukaa. Ya tatu iende kwa jicho. Hapo pamba, ndugu yangu, na Allah akubarikie.

Na madigadi ya kweli hayahitaji elimu kubwa. Yawe na upana wa kufunika matairi yote mawili ya pacha, si moja na nusu. Yashuke mpaka karibu na ardhi, lakini yasiburute, maana yakiburuta utayakanyaga mwenyewe wakati wa kurudi nyuma na kuyang'oa. Yasigusane na tairi. Yawe mazito au yafungwe chuma chini ili upepo usiyainue, na bolti ziwe na washa pana ili raba isichanike. Kisha baada ya safari mbili tatu simama nyuma ya gari lako, uliza waliokufuata. Wao ndio wenye kifaa hicho.

Sisi tuliyatoa yale ya dhahabu. Fundi akayaomba. Plastiki ile ngumu, alisema, inafaa kukatiwa soli za makubazi. Nilishtuka. Jina la Allah tulilolitundika kwa fahari sasa lilikuwa linaelekea chini ya nyayo za watu! Tulikaa mimi na mdogo wangu na kisu, tukakwangua herufi moja moja mpaka zikaisha, tukachoma yale mabaki. Ilituchukua adhuhuri nzima. Mdogo wangu hakusema neno, ila alipomaliza alikwenda kumwuliza utingo vigingi vinauzwa wapi.

Leo gari letu lina raba nyeusi zisizo na neno lolote. Dua ya kupanda chombo tumeibandika ndani ya kebini, mbele ya macho ya dereva, yeye ndiye anayeihitaji. Taa mbili za rangi zimebaki, ni haki yake. Honi ya milio mitatu tuliiuza, na fedha yake ilitosha turubai.

Yule bibi nimemtembelea mara mbili. Mtoto mzima, anasoma. Mara ya pili alinisindikiza hadi barabarani, akatazama nyuma ya gari, akasema, "Siku hizi hamkuandika kitu." Nikamwambia, "Hapana, bibi." Akaitikia kwa kichwa, akanipa mkungu wa ndizi nipeleke nyumbani.

Ndugu msomaji, kama una gari, au ndugu yako analo, leo jioni zunguka nyuma yake ukaangalie. Allah atujaalie tuwe miongoni mwa wale ambao watu wamesalimika na madhara yao, walio mbele yao na walio nyuma yao.

Wabillahi tawfiq.